Niliweka Rehani Jiko Langu kwa Chupa ya Jemu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari ni fupi na haina heshima. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kwetu kukaa siku tatu wakati paa la nyumba yake likirekebishwa. Paa limekwisha zamani. Yeye hajaisha.

Hii ni wiki ya tano. Amevunja mguu wa kochi, amegombana na dada aliyekuwa akitusaidia kufua mpaka akaacha kazi, na mwisho kabisa ameleta kisanduku.

Kisanduku chenyewe kinatosha kuingia viatu vya mtoto. Ndani mna betri tatu za mraba, na nje zimetokeza nyaya mbili za fedha halisi. Unazitumbukiza nyaya kwenye maji, unasubiri nusu saa, na fedha inamong'onyoka chembe chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Wifi anayaita maji ya fedha. Anasema yanatibu koo, chunusi, macho mekundu na uvivu wa wanaume.

Mimi nina stashahada ya ufundi wa maabara. Nilimwambia siku ileile kwamba mtu akizoea kunywa fedha ngozi yake hugeuka rangi ya jivu na hairudi tena, kwa hiyo katika nyumba yangu hayanywi mtu. Akasema basi atajinyunyizia usoni. Nikamwambia uso ni wako.

Angeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini maji yake ya kwanza, aliyoyatengenezea kwenye chupa yangu ya jemu, yaligeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Naye, mezani, mbele ya mume wangu na mama mkwe, akafuta mdomo taratibu akasema:

"Maji niliyonunua ni safi. Kisanduku ni kizima. Kilichobaki ni vyombo vya nyumba hii."

Sasa nieleweni. Nimefanya kazi kwenye maabara ya shule ya sekondari miaka kumi na minne. Wanafunzi wananiita Mama Chupa. Kazi yangu, ukiondoa maneno makubwa, ni kuosha vioo. Kuniambia mimi vyombo vyangu ni vichafu ni sawa na kumwambia mume wangu, ambaye ni msoma mita za maji, kwamba hajui kuhesabu.

Ndipo nilipotoa funguo za jiko mfukoni nikazibwaga katikati ya meza. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Mdomo wangu hauna breki. Nilisema nitatoa vyombo vitatu, na kimoja tu kikibaki na maji maangavu, wifi ataomba radhi na kufunga virago. Vikichafuka vyote, atachukua funguo na jiko litakuwa lake mpaka atakapochoka kukaa.

"Cha kwanza kimeshachafuka," akasema wifi. "Hicho tunakihesabu."

Nikakubali. Niliwaambia kuhusu breki.

Mwamuzi akateuliwa mama mkwe. Anaishi nasi tangu nilipoolewa, miaka kumi na moja sasa, na kwa kuwa yeye ni mama wa mmoja na mkwe wa mwingine, hakuna ambaye angethubutu kumkataa. Alifurahi mno. Alikwenda chumbani kubadilisha mtandio, akarudi akakaa wima kama hakimu.

Jumapili mchana nikapanga vyombo mezani ili tuchague.

Wifi alitaka sufuria, kwa sababu linaingia maji mengi kwa mkupuo. Nikamweleza kwamba sufuria ni chuma, na nyaya zile hazitakiwi kugusa chochote isipokuwa maji. Akasema mimi napenda kuwatisha watu na elimu. Nikamwachia. Nyaya zikalala ubavuni mwa sufuria, na dakika chache baadaye betri zilikuwa na moto kama mayai yaliyotoka kuchemshwa. Wifi alizikimbiza kwenye sinki akiwa amezishika kwa soksi za mume wangu.

Sufuria likatoka mashindanoni.

Chupa ya plastiki nikaikataa mwenyewe. Ilikuwa na mikwaruzo ndani, na harufu ya sharubati ya mwaka jana ilikuwa bado imeng'ang'ania. Mume wangu, ambaye katika ugomvi wowote hutafuta pa kujibanza, akaleta kombe walilopewa na idara yao waliposhika nafasi ya tatu katika mpira. Lilikuwa bati lililopakwa rangi, na rangi ilikuwa inabanduka. Nikamshukuru nikamwomba alirudishe kabatini. Alilibeba kama mtu aliyekataliwa posa.

Mama mkwe akaleta gilasi anayolazia meno yake ya bandia.

"Ni safi hii," akasema. "Meno yangu hayajawahi kulalamika."

Nikachagua chupa nyingine ya jemu, pacha wa ile ya kwanza. Ni kioo kitupu, haina nakshi wala kona za kuficha uchafu, na mdomo wake ni mpana kiasi cha kuingia mkono mzima. Chombo ambacho mkono wako hauingii huwezi kuapa kwamba umekiosha. Pembeni nikaweka chupa ndogo ya kahawia ya kuhifadhia, maana mwanga huyaharibu maji yale, lakini hiyo haikuwa na kesi.

Nikaanza kuosha. Nililoweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka karatasi ya nembo ikatoka. Gundi nikaitoa kwa mafuta ya kupikia, mafuta nikayatoa kwa sabuni, sabuni nikaitoa kwa maji ya moto. Nikasugua kwa brashi. Nikasuuza bombani mpaka utelezi ukaisha. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, nikasuuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopoozwa, niliyonunua duka la dawa, kidogo kidogo, nikizungusha na kumwaga. Maji ya bomba yana dawa na chumvi zake, na ukiyaacha yakaukie ndani hujafanya kitu.

Kuna kipimo ambacho hakidanganyi. Kioo kikiwa safi kweli, maji hushuka juu yake kwa utandu mmoja laini, kama shuka inayovutwa kitandani. Kikiwa na uchafu, maji husimama vitone vitone. Yangu yalishuka kama shuka.

Nikaipindua kwenye chanja la vyombo ikauke yenyewe. Kitambaa sigusi. Kitambaa huacha nyuzi, na huacha kila kitu kilichofutwa nacho tangu kishonwe.

Jumatatu nikaenda kazini kifua mbele. Jioni niliporudi, mbele ya mwamuzi, wifi akamimina maji yaliyokenekwa kutoka kwenye kibuyu kipya cha plastiki ambacho mimi mwenyewe nilikikata muhuri. Akatumbukiza nyaya. Tukakaa.

Dakika ya tano, wingu. Dakika ya kumi, maziwa.

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alinitazama kwa huzuni ambayo sikuielewa wakati ule.

"Yamechafuka," akatamka, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Wifi hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipapasa bega. Akaniambia si kila mtu amejaliwa mikono ya jikoni, na kwamba nina vipaji vingine ambavyo havijajitokeza.

Kesho yake, ingawa chombo cha tatu kilikuwa hakijajaribiwa, alianza kazi. Yeye ni mshona mapazia, kwa hiyo alianza kwa kupima dirisha la jiko langu. Kisha akahamisha masufuria yangu. Kisha akaitoa chumvi kwenye rafu ya chini akaipandisha juu kabisa, akamwambia mama yake kwamba chini ya utawala mpya hakutakuwa na chumvi kwenye chakula, kwa sababu ya presha. Mama mkwe alikwenda chumbani kwake na kufunga mlango, na mimi nikasikia kopo likifunikwa.

Jumatano nikaibeba ile chupa mpaka shuleni, nikaisuuza kwa maji kidogo, nikampelekea mwalimu wa kemia yale maji. Akadondosha tone moja la dawa ya kupimia. Maji yakawa meupe palepale.

"Mama Chupa, humu mna chumvi."

Nikamweleza nilivyoosha, hatua kwa hatua, pamoja na ile shuka.

"Sijakuuliza umeosha vipi," akasema. "Nimekwambia mna nini."

Njiani kurudi nyumbani sikuhitaji mpelelezi. Nani ana kisanduku? Nani anataka jiko? Nani alishika kopo la chumvi jana yake? Nilimwona wifi waziwazi kichwani mwangu, akinyunyiza chumvi kwenye chupa yangu huku akicheka kwa pua. Nilishaandaa hata maneno nitakayomwambia, na mengine siwezi kuyaandika kwenye gazeti linaloingia nyumba zenye watoto.

Lakini mtu wa maabara hasemi kabla hajaona. Jioni ile nikaiosha chupa ya tatu, ya mwisho, ya jemu kama zile mbili, nikaipindua kwenye chanja. Alhamisi asubuhi nikamwomba ruhusa mkuu wa shule kwa simu nikidai kuna mgonjwa nyumbani. Nilikuwa nafikiria kichwa changu. Nikaaga, nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa nyuma na kujifungia kwenye kabati la mifagio lililo jikoni.

Mama wa watoto wawili, mwenye stashahada, nimesimama gizani na tambara la deki shingoni. Nilijiona, na sikujipenda.

Saa tatu nikamsikia wifi akiaga. Alikuwa na mteja wa mapazia. Mlango wa mbele ukafungwa. Nikachungulia kwenye ufa nikiamini atarudi kinyemela kwa nyuma kama mimi.

Akaingia mama mkwe.

Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Akatoa kopo kwenye mfuko wa gauni. Akachukua sahani ya kwanza kwenye chanja, sahani niliyoiosha mimi, akaitia chumvi, akaisugua, akaisuuza bombani, akaifuta kwa pindo la gauni lake. Kisha ya pili. Kisha vikombe. Kisha vijiko, kimoja kimoja, mpaka ungo wa mtoto wa kuchezea.

Mwisho akachukua chupa yangu. Hiyo alitia chumvi mara mbili. Aliisugua mpaka mabega yakamtikisika. Akaifuta, akaipulizia pumzi, hah, akaifuta tena, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha palepale ilipokuwa, imeinama vilevile ilivyoinama. Ule haukuwa ustadi wa jana wala juzi.

Nikafungua mlango wa kabati. Mifagio miwili ikatangulia kutoka.

Mama mkwe hakushtuka. Alinitazama kuanzia tambara mpaka viatu.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Mama, unafanya nini?"

"Naosha."

"Mimi nilishaosha."

Akanihurumia kwa macho. "Najua, mwanangu. Ndiyo maana naosha."

Akavuta ndoo akakaa, akanieleza yote bila kuficha. Siku ya kwanza nilipoosha vyombo katika nyumba hii, aliniona nikiviacha vimepinduka vinachuruzika maji, bila kuvifuta. Akajua kwetu sikufundishwa. Kuniambia ingekuwa kuniaibisha, na mimi nilikuwa bibi harusi wa wiki moja. Basi akaubeba mzigo mwenyewe. Kila nikitoka, anaosha upya. Kwa chumvi, maana chumvi inakata shombo.

"Kila siku?" nikauliza.

"Isipokuwa nilipolazwa hospitali. Nilikonda kwa mawazo."

Miaka kumi na moja. Nilijaribu kukasirika nikakosa pa kuanzia. Nililipwa mshahara kuosha vioo vya serikali, na nyumbani kwangu nilikuwa na msimamizi wa siri.

"Sijamwambia mtu," akaongeza. "Hata mumeo hajui umemletea aibu. Na binti yangu ana macho makali, ndiyo maana mwezi huu naosha mara mbili. Hii chupa ndiyo nimeihangaikia kuliko vyote. Nataka ushinde, mwanangu. Yule akishika jiko hili, nitakula chakula cha mgonjwa mpaka nife."

Nikakaa sakafuni. Nikamweleza taratibu kwamba chumvi ikikutana na fedha ndani ya maji, huzaa kitu cheupe kama maziwa. Haihitajiki nyingi. Ile inayobaki kwenye pindo la gauni inatosha.

Alilitazama kopo mapajani mwake.

"Kwa hiyo kadiri ninavyokusaidia, ndivyo maji yanavyochafuka."

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi ndiye ninayempa jiko."

"Ndiyo, mama."

Akaanza kulia, halafu akaanza kucheka, halafu nikashindwa kujua ni kipi. Nami nikamfuata. Tulipotulia akanishika mkono akaniomba jambo moja. Nisimwambie binti yake. Mwamuzi aliyeharibu kesi anayoiamua hatapata mahali pa kuficha uso, na binti yake angemkumbusha kila siku ya maisha iliyobaki. Nami nikamwomba jambo moja. Asiguse chupa yangu mpaka Jumamosi.

Tukaapiana palepale, yeye juu ya ndoo, mimi kwenye sakafu.

Nataka msomaji aone nilivyojifunga. Sababu nilikuwa nayo, tena sababu ya kisayansi, na nilikuwa nimeapa kuimeza. Mbele ya wifi nilibaki na chupa moja tu. Ikiwa angavu, jiko langu. Ikichafuka, niende nikajifunze kushona mapazia.

Ijumaa niliiosha upya tangu mwanzo. Safari hii nilisuuza mara sita kwa maji yaliyokenekwa. Shuka ilishuka mpaka nikaona raha. Nikailaza chumbani kwetu, kwenye kimeza cha upande wangu, imefunikwa bakuli. Mume wangu aliuliza kama kuanzia sasa tutalala watatu. Nikazima taa.

Jumamosi asubuhi nikataka kuoga, nikaogopa kuiacha. Wifi alikuwa anapitapita ukumbini na futi yake ya kupimia. Nikamwita mama mkwe, nikamkabidhi chupa mikononi, nikamwambia akae kitandani kwangu asiondoke. Aliipokea kama anapokea mjukuu.

"Oga kwa amani," akasema.

Saa nne tukakutana sebuleni. Chupa katikati ya meza, kisanduku pembeni, funguo mbele. Kwenye kochi, ambalo sasa lina mguu wa matofali, alikaa mwamuzi. Wifi akamimina maji, akatumbukiza nyaya, akatazama saa ya ukutani. Mume wangu alisimama nyuma ya kochi, mikono imefumbatwa kifuani.

Dakika ya tano, maangavu.

Dakika ya kumi, maangavu. Wifi akasogeza kiti.

Dakika ya ishirini, unaweza kusoma gazeti kupitia chupa. Wifi aliinama akatazama kwa jicho moja, akazunguka akatazama kwa jingine. Alianza kusema kwamba pengine maji ya leo ni ya aina nyingine, akakumbuka kwamba ameyamimina yeye mwenyewe.

Nusu saa ikatimia. Mama mkwe akavaa miwani, na mimi nikasema subirini nikamilishe kazi. Kulikuwa na haja gani? Hakuna. Nilitaka tu kuringa. Nikachukua tochi.

Maji ya fedha, hata yakiwa maangavu, ukiyamulika kwa ubavu huonyesha njia ya mwanga, kama mwanga wa mlangoni unavyoonekana kwenye chumba chenye vumbi. Zile chembe ndizo zinazouonyesha. Nikawasha tochi nikaielekeza kwenye chupa.

Hakuna njia. Mwanga ulipita kama vile hakuna kitu.

Nikasogeza tochi. Hakuna. Nikatazama nyaya. Zilikuwa zinang'aa kama zilivyoingia, bila hata ukungu mdogo pembeni yake. Yale hayakuwa maji ya fedha. Yalikuwa maji.

Nikainua macho, na macho yakatua kwenye mfuko wa shati la mume wangu. Mfuko ulikuwa umening'inia, na kilichomo ndani kilikuwa na kona nne.

Alinikonyeza.

Baadaye aliniambia aliitoa betri moja alfajiri, kwa nia njema kabisa, kwa sababu alitaka mke wake ashinde, dada yake aende na kochi lipate fundi. Lakini wakati ule sikuhitaji maelezo. Nilielewa kwamba nimeshashinda. Wifi alikuwa ameshaanza kuinuka kuelekea chumbani, uso umemshuka, na mama mkwe alikuwa ameshanyanyua mkono kutoa hukumu. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo.

Mnajua habari za mdomo wangu.

Nisiseme uongo kwamba ni uaminifu. Ilikuwa kiburi. Niliiosha chupa ile mara mbili wiki moja. Nilisuuza mara sita. Nilisimama kabatini na tambara shingoni. Nishinde kwa sababu ya betri iliyolala mfukoni, wakati chupa yangu ingeweza kushinda yenyewe?

"Baba watoto," nikasema, "toa hiyo betri."

Mume wangu akaitoa kama mtoto aliyeshikwa na sukari. Wifi akarudi akakaa, na uso wake ukapanda kutoka ulikoshukia. Akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi, akasema kumbe siku hizi jiko linapiganiwa kwa wizi. Nikamwambia mwizi ni mmoja, naye ni damu yako. Chupa yangu haijaiba kitu. Maji ni yaleyale, chupa ni ileile, haijaguswa na mtu. Tuanze upya sasa hivi mbele ya macho ya wote.

"Haijaguswa na mtu?" akauliza wifi.

"Naapa."

Nikaipachika betri mahali pake mwenyewe, nikafunga kisanduku, nikatumbukiza nyaya majini. Sasa kilikuwa kinafanya kazi. Nikakaa chini nikakunja mikono, mtulivu kama mtu anayesubiri mshahara alioufanyia kazi.

Ndipo nilipohisi mkono begani. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenye kochi lake, jambo ambalo waamuzi hawafanyi. Akainama mpaka mtandio wake ukanifunika sikio. Pumzi yake ilikuwa ya haraka.

"Mwanangu," akanong'ona, "unaweza kukizima hicho kitu kidogo?"

"Kwa nini, mama?"

"Ulipokuwa unaoga, niliipakata. Nikaitazama kwenye mwanga. Nikaona kama kuna alama ya kidole."

Sikugeuka. Niliogopa kugeuka.

"Nilipitisha pindo tu," akasema. "Mara moja. Gauni ni hilihili la juzi."

Mbele yangu, kwenye waya wa kushoto, kitu chembamba cheupe kilianza kushuka. Maji mazuri ya fedha huanza hivyohivyo, kwa uzi mdogo wa ukungu. Maziwa nayo huanza hivyohivyo. Dakika ya kwanza hata mimi, Mama Chupa, siwezi kuvitofautisha.

Wifi naye aliuona ule uzi. Aliunyoosha mkono wake mezani, taratibu, akaulaza karibu na funguo.

Nami nikaulaza wangu upande wa pili.